Bawaba Nne Imara

Jumatatu, 14 Machi 1994

Mvua imeanza. Celina naye ameanza.

Asubuhi kwenye uji mke wangu ametangaza kwamba vifaranga mia tatu wa kikundi chao cha akina mama wanaletwa Jumamosi saa kumi, na kwamba watakaa ndani ya gereji. Nikamkumbusha kuwa gereji ni yangu. Akauliza gari liko wapi.

Swali hilo nalijibu tangu mwaka wa tisini na moja. Gereji hujengwa kwanza, gari hufuata. Nani alinunua ng'ombe kabla ya kujenga zizi? Tena matayarisho yanaendelea. Tairi moja nimeshanunua, jipya, linaning'inia ukutani kwenye msumari. Nalipangusa kila Jumapili.

Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja kisha nikastaafu. Sebule ni ya Celina. Jikoni ni kwa Celina. Kahawa ni ya Celina, maana ndiye anayeijua. Mimi nina gereji. Mle ndani mna randa yangu, msumeno, dawa ya kahawa, nusu debe la rangi na stuli. Nikikaa kwenye ile stuli hakuna anayeniuliza ninafanya nini. Nikifukuzwa hapo nitaenda wapi? Nitasimama kwenye migomba kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Tukabishana mpaka uji ukapoa. Mwisho tukaafikiana juu ya kabati. Hili kabati nimelitengeneza kwa mikono yangu, miezi minne, na halina kasoro ila moja: milango yake miwili bado imeegemea ukuta. Celina anasema kabati bila milango ni rafu tu, na zile rafu tatu zinatosha vifaranga vizuri sana. Lakini ikifika Jumamosi saa kumi kabati lina milango inayofunga na kufunguka, na takataka zangu zote (neno lake) zimo ndani, basi vifaranga watatafutiwa mahali pengine. Kiende, mwenyekiti wa kikundi, akashuhudia. Alikuwa amekuja kunywa uji wetu.

Kilichobaki ni bawaba nne, vile vyuma vya kushikia mlango. Kazi ya nusu saa.

Jumanne, 15 Machi

Nimeenda Nkubu, dukani kwa Mukiri. Mukiri nilimfundisha darasa la saba mwaka wa sabini na moja. Leo ana tumbo na duka la vifaa vya ujenzi. Alinisalimia kwa heshima, akanifutia kiti.

Nikaomba bawaba nne. Akasema hana.

Nyuma ya kichwa chake, ukutani, zilikuwa zimetundikwa bawaba kama sitini. Za shaba. Za chuma. Zenye mkia mrefu, za mageti. Ndogo za masanduku. Na aina moja ya ajabu iliyopinda kama goti. Nikamwonyesha kwa kidole. Akageuka, akazitazama kwa makini, akaniambia kwa upole kwamba hizo siyo bawaba, Mwalimu. Hizo ni hinji. Nikitaka hinji, niseme hinji, ataniuzia hata mia.

Nilidhani anatania. Hatanii. Amesema mwaka wa sabini na moja aliandika neno "hinji" kwenye insha, nikampa sufuri na viboko viwili mbele ya darasa, na tangu siku hiyo anajua kwamba bawaba ni kitu kimoja na hinji ni kitu kingine. Mimi sikumbuki. Nimechapa watoto wengi.

Neno moja tu, akasema. Wateja wengine walikuwa wameacha kununua misumari ili wasikilize.

Sitasema. Hinji si Kiswahili. Ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Leo nikisema hinji kwa ajili ya kabati, kesho nitasema nini kwa ajili ya jeneza?

Nilipokuwa mlangoni Mukiri akauliza kama milango yangu inaingia ndani ya fremu au inalala juu yake, kwa sababu kila moja ina hinji yake, na ile inayolala juu huhitaji ile yenye goti. Nikamjibu kwamba mlango ni mlango. Nimefika nyumbani nikapima. Inalala juu, kwa upana wa kidole kila upande. Sikupanga hivyo, lakini sasa ndivyo nilivyopanga.

Jumatano, 16 Machi

Wazo! Idrisi.

Rafiki yangu Idrisi ana duka la vifaa Embu, na Kiswahili chake ni safi, si hiki chetu cha huku cha kuokota barabarani. Huyo nikimwambia bawaba hataniuliza mara mbili. Nimemwandikia barua kwa mkono wangu, kwa wino. Nainakili hapa kwa sababu imetoka vizuri:

"Kaka Idrisi, salaam. Sina shaka nawe. Nahitaji bawaba nne imara kwa gereji yangu. Ziwe zinaweza kusimama miaka mingi, zisiwe zinalia usiku, na zisiwe na kutu. Tafadhali zifike Ijumaa. Chagua wewe, nakuamini."

Ngeli zote mahali pake. Nimempa utingo wa basi la asubuhi, nikamwambia aipeleke kama yai.

Halafu nikawaza: na zikichelewa? Mtu mwenye akili huwa na njia ya pili. Mlango wa choo chetu cha nje una bawaba mbili ndefu, zile zenye mkia. Choo kinaweza kukaa bila mlango siku mbili. Watu wazima hukohoa.

Nimezing'oa Celina akiwa kwenye kahawa. Mlango nimeuegemeza palepale. Huwezi kujua kitu.

Alhamisi, 17 Machi

Watu wamejua.

Asubuhi nilipigilia bawaba za choo kwenye mlango wa kwanza wa kabati. Ni nzito. Mlango wangu ni wa plaiwudi, skurubu zake ni za kushika mbao nene za mninga. Zikaingia upande huu zikatokea upande ule, ncha zote nane nje. Nikaambia nafsi yangu kwamba ncha zile zitafaa kutundikia kofia. Nikausimamisha mlango. Bawaba zikavuta, plaiwudi ikapasuka kwenye kona, mlango ukalala. Mlango wenyewe umechoka kuliko mimi.

Wakati huohuo Kiende alikuwa ameenda choo. Akashika mlango kuufungua, ukamwangukia mikononi, na mvua ikaanza kunyesha. Kiende ni mama mkubwa na mwenye heshima zake, mweka hazina wa kanisa. Alikaa mle ndani ameushikilia ule mlango mbele yake kama ngao, akimwita Celina. Celina alikuwa mbali. Aliyesikia ni mimi. Sikwenda, kwa sababu ningekwenda ningesema nini?

Jioni Celina hakunigombeza. Alinipakulia mukimo wa viazi na mahindi, akaketi, akasema anahesabu siku tu. Ameniambia pia kwamba Mukiri amempitishia salamu sokoni: neno lile bado analingoja.

Nimerudisha bawaba za choo. Mlango wa choo sasa unafungukia nje badala ya ndani. Nani ataona?

Ijumaa, 18 Machi

Siku nzima nimesimama barabarani nikingojea mzigo wa Idrisi.

Saa tisa basi likasimama. Wakashuka wanaume wawili. Makoti marefu. Rungu. Tochi. Mmoja amebeba furushi la karatasi ya gazeti. Wakauliza kwa Mwalimu Thuranira ni wapi. Nikasema ni mimi, mzigo uko wapi. Wakatazamana, wakasema mzigo ni wao.

Huyu ni Ismael, mpwa wa Idrisi. Yule ni Ireri, mtu wa Mbeere, ameishi mtaa wa Dallas pale Embu akilinda mageti ya watu. Wamekuja kazini. Wakanikabidhi barua ya Idrisi. Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimekaa chini kwenye nyasi mbichi.

Idrisi anasema barua yangu imefika na amefurahi. Anasema nimeanza kwa kumwita kuku, lakini kati ya marafiki si neno. Anasema amesikitika kusikia kwamba sina shuka, na mkewe Rahema ametoa moja la kwao, zuri, la maua, hilo kwenye gazeti. Kuhusu bawabu nne imara wa kulinda gereji, wanne hakuwapata kwa haraka. Ametuma wawili, wengine wawili watafuata Jumatatu. Hawa wanaweza kusimama, hawalii usiku, na kuhusu kutu, wote wameoga.

Kisha, chini, kwa wino mwekundu. Mwekundu! Ananikumbusha kwa heshima kwamba bawabu ni mlinzi wa mlango, naye huingia katika ngeli ya watu: mabawabu wanne, wawe, wafike. Siyo "bawabu nne, ziwe, zifike." Lakini ananisamehe, kwa sababu anajua huko Meru juu ngeli hazistahimili baridi.

Nilitaka kulia. Nikawaeleza hawa wawili kwamba niliandika bawaba, si bawabu. Ismael akatoa barua yangu mfukoni. Akaniwekea kidole. Ni kweli herufi a ya mwisho imefunguka juu kidogo, kidogo sana, mtu asiye makini anaweza kuona u. Hiyo ni kazi ya basi. Karatasi hutikisika barabarani.

Celina amewapa chai na mukimo. Amependezwa nao sana. Anasema vifaranga mia tatu watahitaji ulinzi.

Sasa nina mabawabu wawili, shuka moja, na hakuna bawaba.

Jumamosi, 19 Machi

Saa mbili nilikuwa Nkubu. Nakiri hapa, kwa sababu hakuna anayesoma: nilikwenda kusema.

Nilikuwa nimelala macho nikiiwaza ile stuli. Nikajiambia, Thuranira, neno ni upepo. Duka lilikuwa limejaa. Mukiri akaniona, na watu wote wakageuka. Nikafungua mdomo. Nikasema "hi". Akasogea mbele. Nikasema "hi", tena. Kisha nikasema "hivi hamjambo," nikatoka. Nimekuwa mwalimu kwa muda mrefu mno.

Saa sita nikarudi gerejini, nikaketi kwenye stuli kuiaga. Ireri na Ismael walikuwa wamesimama mlangoni, mmoja kila upande, kwa sababu ndiyo kazi yao. Ireri akauliza, Mzee, shida ni nini hasa? Nikamwambia shida ni ile milango.

Akaitazama. Akasema kwao Mbeere mlango wa zizi la mbuzi haujawahi kuona chuma. Hukatwa vipande vya tairi, kipande kinapigiliwa nusu kwenye mlango, nusu kwenye nguzo. Raba inajikunja yenyewe. Haina habari kama mlango unaingia ndani au unalala juu. Hailii. Haishiki kutu.

Nikamwuliza tairi tutalitoa wapi. Alitazama ukutani.

Lile tairi ndilo gari langu lote. Miaka mitatu nimelitazama nikiona na mengine matatu, usukani, Celina amekaa mbele na kitambaa chake cha kanisani, tunateremka Mitunguu kununua ndizi kama watu. Nikasema hapana. Ireri akasema sawa, Mzee. Saa nane nikasema hapana tena, ingawa hakuna aliyeniuliza. Saa nane na nusu tukasikia Celina akimwambia Kiende kwamba taa ya vifaranga itatundikwa kwenye ule msumari wa tairi.

Nikalitoa mwenyewe. Ismael akashika, Ireri akakata kwa panga. Nilitazama kando. Mpira mpya hunukia vizuri sana unapokatwa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Vipande vinane, viwili viwili kila mahali, misumari ya bati. Kona ya mlango iliyopasuka ikafunikwa na raba. Saa kumi kasorobo randa, msumeno, dawa, rangi, vyote ndani. Saa kumi Celina akaja na Kiende. Akafungua mlango wa kwanza. Akafunga. Akafungua wa pili. Kimya kabisa. Akaenda akasimama mbele ya ule msumari mtupu ukutani, akanitazama muda mrefu, akaniita Baba Kanana, jina ambalo huniita kwa nadra. Akasema vifaranga watakaa sebuleni, kwenye kona nyuma ya kiti chake, mpaka hawa vijana wajenge banda.

Nimeshinda. Nilikaa kwenye stuli mpaka giza likaingia. Hakuna aliyeniuliza ninafanya nini.

Shuka la Rahema limefunika vifaranga. Wamelipenda.

Jumapili, 20 Machi

Baada ya misa Mukiri alikuja nyumbani. Amesikia habari za tairi. Nkubu nzima imesikia. Aliweka mezani bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na zile zenye goti, nne, na skurubu zake. Zawadi, akasema. Amesema alipoona nimefungua mdomo nikashindwa, alijisikia vibaya usiku kucha, maana hata yeye shuleni alikuwa hivyo, anajua jibu lakini mdomo hautaki.

Halafu akatoa daftari. Kuukuu, limefungwa kwa uzi. La mwaka wa sabini na moja. Mama yake alikuwa amelihifadhi. Akafungua ukurasa, akaniomba nimsomee maandishi yangu mekundu, tafadhali Mwalimu, kwa sauti.

Nikasoma: "Si hinji. Andika mara arobaini: bawaba."

Akaniomba nisome tena, polepole. Nikasoma tena, bawaba. Basi Celina akalichukua daftari, akavaa miwani, akasoma: bawabu. Chini yake Mukiri, mtoto wa miaka kumi na mitatu, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, alikuwa ameandika bawabu, bawabu, bawabu, mara arobaini, kama alivyoagizwa. Na chini ya hayo, kwa wino wangu mwekundu: "Bado hujui. Viboko viwili."

Kumbe si sufuri ya hinji iliyomkaa moyoni. Amesema viboko vya kwanza alivielewa. Vile vya pili amevitafutia sababu miaka ishirini na mitatu, na amekuja kuniuliza tu.

Vifaranga ndio waliokuwa wakisema. Kitu kilinichoma kifuani, hapa, upande wa kushoto. Nadhani ni mukimo wa Ijumaa.

Nikamweleza Mukiri kwamba daftari limekaa kwenye unyevu. Wino mwekundu, ukipata unyevu, hupanda juu na kufungua herufi. Ni jambo linalojulikana. Akalifunga kwa uzi wake. Akasema asante, Mwalimu. Alikunywa chai yote kabla ya kuondoka, na nilimsindikiza mpaka barabarani, na njiani nilifungua mdomo mara mbili. Mara zote mbili nikamwambia mvua itanyesha.

Jumatatu, 21 Machi

Nimeamka mwepesi. Mtu aliyeshinda hulala vizuri.

Kwanza, bahasha ya Mukiri. Juu yake alikuwa ameandika kwa kalamu: "Hinji 4, kwa Mwalimu wangu." Siwezi kukaa na kitu kama hicho ndani ya nyumba. Nimekata neno la kwanza kwa wino mwekundu, nikaandika lililo sahihi juu yake, nikamrudishia bahasha tupu kwa mkono wa Ismael. Bawaba nimebaki nazo. Atafurahi kuona kwamba bado namjali.

Ismael amerudi. Anasema Mukiri aliisoma, akaenda stoo, na watu wakamsikia akicheka peke yake huko ndani kwa muda mrefu. Ametuma kuuliza mabawabu wengine wanafika saa ngapi. Wamefika saa nne. Wawili. Celina amewatuma wakachimbe mashimo ya nguzo za banda.

Mchana nimekamilisha kazi. Kabati lililo kamili huwa na majina. Nimechukua brashi na ile rangi nyeupe, nikaandika kwa mkono wangu juu ya mlango wa kwanza: Randa. Juu ya mlango wa pili, ambapo nimeweka pakiti tatu za chaki nilizotoka nazo shuleni siku ya kustaafu: Chaki. Nimerudi nyuma hatua tatu nikatazama. Herufi safi.

Jioni Celina ameleta chai gerejini. Alisimama mbele ya kabati, kikombe mkononi. Kisha akaniuliza taratibu kwa nini nimeandika Chuki kwenye mlango wa pili, na kama ninayemchukia ni yeye au ni Mukiri.

Masikini. Macho yake yameharibika, na miwani yake ni ya zamani. Kesho asubuhi namwandikia Idrisi anitafutie mpya huko Embu. Kwa mkono wangu, kwa wino, ili asikosee.